Mzee Nandonde wa Eksirei na Mfupa Uliovunjika Mezani Kwake

Tarehe 30 Juni 2012 Mzee Leodgar Nandonde, mpiga picha za eksirei wa hospitali yetu, anarudisha funguo za chumba cha giza baada ya miaka thelathini na sita kazini. Alishuka stesheni ya Kigoma mwaka 1976 akitokea Masasi, na sanduku moja la bati, akasema atakaa miaka miwili kisha aombe uhamisho. Uhamisho huo tunausubiri hadi leo. Alioa Ujiji, akajenga Katubuka, akajifunza Kiha ambacho Waha wenyewe wakikisikia wanashika mbavu.

Mimi Brigita, muuguzi wa wodi ya wanawake, nimefanya naye kazi tangu 1989. Tabia zake wote tunazijua. Anasalimia mifupa kabla hajamsalimia mwenye mifupa. Filamu zake huzianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na ole wake atakayepita hapo na kikombe cha chai! Madaktari wangapi wamesoma picha harakaharaka, wakaitwa warudi waangalie tena ile pembe ya chini. Mara nyingi Mzee ndiye aliyekuwa ameona.

Ningeishia hapo angeninunia. Ameniomba, tena mara mbili, niandike na kosa lake.

Ilikuwa Februari 1997, makambi yamejaa wakimbizi wa Burundi na wodi zetu zimefurika. Gari la kambi lilimshusha getini Révérienne, binti wa miaka kumi na tisa mwenye selimundu, nyonga ikimuuma miezi mingi. Wanaume wanne walimwingiza mabegani, amelala ndani ya ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo kwao ndiyo ya kubebea wagonjwa. Baba yake, Mzee Ndayiragije, alitusihi kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba mwanawe asishikwe miguu, anyanyuliwe na mkeka wake hivyo hivyo. Tulicheka. Ndiyo, na mimi nilicheka. Foleni ilikuwa ndefu, tukamtoa mmoja mikono, mwingine miguu, na Mzee Nandonde akauvuta mguu kidogo tu unyooke kwa ajili ya picha. Mfupa wa paja ukalia ka! Chumba kizima tulisikia.

Picha ilitufundisha tuliyopaswa kuyajua. Kwa mwenye selimundu, uboho hutanuka ukihangaika kutengeneza damu mpya, na ukuta wa mfupa hubaki mwembamba kama ganda la yai. Pale nyongani mfupa hukosa damu, ukafa taratibu. Sisi miaka yote tulikuwa tunapima damu tu, mifupa hatukuiuliza.

Daktari alimwambia Mzee kwamba mfupa ule ungevunjika hata kwa kupiga chafya. Hakukubali kujificha hapo. Alikwenda kwa Mzee Ndayiragije, akamwambia kuwa ni mkono wake uliouvunja. Kisha akaenda ufukweni Kibirizi, akajaza mchanga kwenye mifuko kwa mikono yake, ndiyo ikawa mizigo ya kuuvuta mguu ule mfupa uunge. Miezi mitatu, kila asubuhi, alipita kitandani kabla ya kufungua chumba chake. Révérienne alikuwa na swali moja tu: je, atatembea? Mzee alikonda mpaka suruali ikamvuka.

Akamwomba Mzee Ndayiragije amfundishe ingobyi. Fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga akamshonea turubai lenye vishikio vinne, na tangu siku hiyo mwenye selimundu hupandishwa mezani kwa turubai, watu wanne, hakuna kuvuta mguu. Akafukua filamu za zamani, akapata wagonjwa kumi na mmoja wenye pingili za mgongo zilizobonyea na nyonga zilizoliwa, ambao tuliwaandikia baridi yabisi. Akawa mhubiri wa dagaa waliwe na vichwa vyao, jua la asubuhi, na matembezi mafupi. Makambini wakamwita muganga w'amagufa, tabibu wa mifupa. Jamani, miaka kumi na mitano, na hajavunjika mgonjwa mwingine mezani pale!

Révérienne alisimama na magongo, kisha fimbo. Kila Februari alirudi kupigwa picha. Mwaka huu hakungoja Februari nyingine, alikuja wiki iliyopita kuaga, kwa kuwa familia yake inarejea Burundi. Mzee alitandika turubai, akatuita wanne. Révérienne akalikunja vizuri, akamrudishia mikononi. Akaweka fimbo ukutani, akapanda mezani mwenyewe, polepole, akalala, na mguu ule akaunyoosha mwenyewe. Mzee alisimama amelikumbatia turubai, machozi yanamtiririka, na ilibidi tungoje sana ndipo abonyeze kitufe. Hiyo ndiyo picha ya mwisho aliyoianika kwenye kamba yake.

Mzee Nandonde, tunakushukuru kwa macho yako, na zaidi kwa kosa ulilokataa kulificha. Upumzike Katubuka kwa afya na amani, uzee wako uwe mwepesi, na dagaa usiwaache. Turubai linabaki hapa, na vishikio vyake vinne tayari vina mikono.