Ukuta Mweupe wa Chumba cha Juu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gachau, kabla hata hatujakusalimu tumekuona ukiangalia kando. Umepita chini ya dirisha la chumba cha juu, lile lenye vumbi, ukageuza shingo ukaanza kusifu maua. Maua yenyewe ni ya kuazima, Mheshimiwa. Jioni yanarudi kwa wenyewe.

MAKARIBISHO

Hata hivyo karibu, na tunasema karibu kwa moyo. Sisi watengenezaji programu wa Thika na Ruiru tuna hasira na wewe, lakini mtu aliyekata tamaa haandiki risala. Umekuja kuzindua rangi mpya ya ukumbi huu. Rangi ni nzuri. Lakini sisi tulikuwa tunatumia ndani, si rangi.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka wa 2022, tukiwa watu saba na laptopu mbili, moja ikikataa kuwaka mpaka uiinamishe. Hakuna aliyekuwa na cheti. Kang'ethe alikuwa fundi wa simu hapa Ruiru. Nelima alitoka Bungoma kuja kupakia maboksi kiwandani Thika. Austine, anayekusomea haya, alijifunza kompyuta kwa kuchungulia juu ya mabega ya waliolipiwa karo.

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Februari, ulikata utepe wa chumba cha juu ukasema, "Vijana, hiki ni chenu." Ulivaa koti la kijivu. Sisi hatusahau.

Chumba kile kina ukuta mmoja mweupe, na hapo ndipo desturi yetu ilipozaliwa: kwetu mtu haonyeshi alichofaulu kabla hajaonyesha alichoharibu. Kila Jumamosi mmoja humulika kosa lake ukutani kwa projekta. Kwanza tunamcheka, tena sana. Halafu tunalitengeneza pamoja. Na kuna sheria moja tu: programu haimfikii mwananchi kabla mtu wa pili hajaipitia pale ukutani, mstari kwa mstari.

Januari mwaka jana tuliambiwa chumba kitafungwa wiki mbili, kuna vitu vinahifadhiwa. Vitu vyenyewe ni maboksi ya kalenda zenye picha yako, Mheshimiwa. Kalenda za mwaka uliokwisha.

KOSA LA NELIMA

Tulihamia nyuma ya kinu cha Mzee Mugo pale Mugutha. Mzee ana roho safi, ametupa soketi bure. Lakini kinu kikisaga hatusikizani, na kuta ni mabati ya mawimbi. Ukimulika herufi zinapindapinda kama nyoka. Sheria yetu ikaanza kulegea.

Wakati huo Nelima alikuwa anaunda programu ya wafugaji wa Gatuanyaga, ya kuwatumia ujumbe daktari wa mifugo akija kuchanja. Kule barabara ni vumbi tupu, na habari ikitegemea bodaboda inafika wakati daktari ameshaondoka. Programu hiyo huandika pia ng'ombe akizaa na ng'ombe akifa. Jumamosi moja ya Aprili, saa moja asubuhi, akiwa peke yake chumbani kwake, alitaka kujaribu ujumbe wa kifo. Alidhani orodha aliyofungua ina namba moja tu, yake mwenyewe. Ilikuwa na mia tatu na arobaini, na yake haikuwemo.

Simu yake haikulia. Akasubiri. Akafikiri ni mtandao, akabonyeza tena.

Gatuanyaga nzima ilisoma mara mbili: "Pole. Ng'ombe wako amekufa."

Kufikia saa nne wafugaji walikuwa nje ya kinu tulikokuwa tumekutana, wengine na fimbo. Mbele yao alikuwa Mama Waithira, mwenye ng'ombe mmoja, Karembo, na mdomo wa watu kumi.

"Ni nani hapa ameniulia Karembo na simu?"

Nelima angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemjua kwa sura. Lakini alikuwa mtoto wa ule ukuta. Akasimama.

"Ni mimi, shosho," akamwambia bibi yule. "Nimekosea."

"Wewe! Na vile umekonda hivyo! Ng'ombe yangu iko nyumbani inakula, na mimi nimelia mpaka jirani akaleta chai!"

"Shosho, ingia nikuonyeshe mahali nimeharibu."

Mzee Mugo akazima kinu. Nelima akafungua laptopu, akawaonyesha ile orodha na kile kitufe, bila kujitetea hata kidogo. Kisha Mama Waithira akauliza, "Kwa hivyo ukibonyeza hapo, sisi wote tunasikia saa hiyo hiyo?"

"Wote, shosho."

"Ngai! Na daktari akija, kwa nini usibonyeze hivyo hivyo?"

"Ndiyo kazi yenyewe, shosho."

"Basi fanya. Lakini ukiniua ng'ombe mara ya pili, nitakuja na yeye tulale kwako."

TULICHOVUNA

Leo sisi ni watu sitini na wawili, kutoka Theta hadi Gatuanyaga. Wafugaji wale hawakuondoa namba zao kwenye orodha. Wameongeza, sasa ni mia tano na kumi. Mama Waithira huja kila Jumamosi kutucheka, na ameapa kujifunza kubonyeza mwenyewe.

OMBI

Ni moja, na ni la leo. Chanjo inaanza Gatuanyaga Jumatatu. Ujumbe wa Nelima uko tayari, lakini haujapitiwa na mtu wa pili, naye amekataa kuutuma hivyo. Amesema hawezi kusimama tena mbele ya wale watu na kosa lile lile. Bila ujumbe, daktari atakuta mazizi tupu, ng'ombe wakiwa malishoni. Nelima yuko hapa, projekta begani, ameiazima kanisani na inatakiwa kesho kabla ya ibada. Kalenda zako tutazibeba wenyewe, kwa heshima, mpaka kwenye gari lako.

Usituambie utalishughulikia. Tulilisikia hilo Januari, tukalisikia Juni. Mlinzi wa ukumbi, Mama Rachael, amesimama pale kwenye ngazi. Ufunguo uko mkononi mwake, na ameambiwa asifungue bila neno lako.

Mungu akubariki, alinde mifugo ya Gatuanyaga, na akujalie shingo ya kutazama mbele.

Ni sisi, Kundi la Ukuta Mweupe, Thika na Ruiru.

Mama Rachael anangoja, Mheshimiwa. Mwambie afungue.