Mokami wa Turwa, Aliyeoa ili Binti Asome

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama redio yako iko jikoni, ongeza sauti kidogo. Kama uko kijiweni unasubiri abiria, zima pikipiki. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa Tarime. Jina lake Mokami. Mokami wa Turwa. Tulimzika Jumamosi. Nilikuwepo, na nusura tusimzike siku ile. Nitawaambia kwa nini.

Mokami alikuwa mjane. Mume wake, marehemu Werema, alimwachia nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe wa kutosha, na shamba pembezoni mwa mji, kule ambako mahindi yamepakana na nyumba mpya. Watoto hawakujaliwa. Shikeni hilo. Mjane, shamba, hakuna mtoto. Kwetu huku maneno hayo yakikaa pamoja, ndugu wa mume hawapati usingizi.

Aliyekosa usingizi zaidi ni shemeji yake, Mzee Rubeni, mdogo wake Werema. Miaka yote alimwambia, "Shemeji, oa. Simamisha nyumba ya kaka." Msikilizaji uliye mbali na Mara, usishtuke. Wakurya tuna nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo wanakuwa wa nyumba ile. Wengine wanaisifu mila hiyo, wengine wanailaani. Mimi leo sijaja kuamua.

Basi Mokami akaoa. Lakini sikia alivyooa.

Alikwenda mnadani wilayani Serengeti kutafuta mtamba. Akakutana na mzee mmoja anaitwa Simoni, mchangamfu kupita kiasi, anawanunulia watu soda. "Kunywa, mama," akamwambia, "mwezi ujao zizi langu litajaa. Binti yangu Bernadetha amemaliza kidato cha sita. Kuna mfanyabiashara amemtaka."

Mokami akauliza, "Amefaulu?"

"Amefaulu sana! Ndiyo maana ng'ombe wameongezeka."

Mtamba hakununua. Alirudi Turwa, akahesabu ng'ombe wake, na siku chache baadaye akawa kwa Simoni na wengi kuliko wa mfanyabiashara. Simoni akapokea. Huku Tarime Rubeni akachinja mbuzi kwa furaha. Nyumba ya kaka imesimama! Furaha ile ilidumu mpaka vyuo vilipofunguliwa. Mke mpya akapanda basi, akaenda Dar es Salaam, chuo kikuu. Aliyemlipia nauli ni Mokami.

Mji mzima ulicheka. Vijana wa bodaboda walimwambia, "Mama, mke umempeleka Dar, utampata tena kweli?" Akawajibu, "Nyie wake zenu wako nyumbani. Mnawapata?" Hawakumuuliza tena.

Bernadetha alikuwa anasomea nini? Nimezungumza naye juzi. Anasema: "Mama aliniambia nichague mwenyewe. Nikachagua uendelezaji wa miliki, uwekezaji na uthamini. Akauliza hicho ni kitu gani. Nikamwambia, ni kujua ardhi na majengo vina thamani gani, na vifanyiwe nini ili vilete faida. Akacheka sana. Akasema, 'Kumbe kuna watu wanasomea ugomvi wa mashemeji.'"

Kila jioni Mokami alimpigia simu. "Leo mmefundishwa nini?" Bernadetha anamweleza. Kwamba shamba ni lile lile, lakini barabara ikipita, si lile tena. Kwamba ukijenga nyumba ya fahari mahali pasipofaa, umezika pesa zako. Kwamba mthamini haangalii tu ardhi inavyotumika leo, anaangalia ingeweza kutumika vipi. Mokami alisikiliza yote. Kwa hilo la mwisho alisema, "Hilo lisemee huko huko Dar."

Bernadetha hakusikia. Msimlaumu, alikuwa mwanafunzi.

Likizo ya mwaka wa pili, wanafunzi wakapewa kazi. Kila mmoja akathamini kipande cha ardhi nyumbani kwao. Bernadetha akalipima shamba la Mokami kwa futi kamba. Akazunguka Turwa akiuliza viwanja vya jirani viliuzwaje. Akakaa na madalali, akaenda kuangalia barabara iliyokuwa inachongwa karibu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Jumapili ile Rubeni akaja kula. Ugali wa mtama, samaki, mlenda. Mzee yule, kwa kejeli tu, akasema, "Haya msomi wetu. Ng'ombe wa kaka wameishia chuoni. Hebu tuambie, hako kashamba ka mahindi kana thamani gani?"

Bernadetha akataja bei.

Wasikilizaji wapendwa, bei hiyo sitaitaja redioni, nisije nikarudia kosa lile lile. Ila anasema mkono wa Rubeni ulisimama juu ya bakuli. Tonge likabaki vidoleni. Kisha akasema polepole, "Rudia." Na yeye akarudia! "Nilijisikia fahari," ananiambia. "Nilitaka waone kwamba mama hakupoteza ng'ombe wake." Mokami aliinuka, akachukua bakuli la kunawia, akaliondoa wakati mgeni hajamaliza kula. Alikuwa amekwisha kuelewa.

Tangu siku ile shamba halikutulia. Rubeni, ambaye hakuwahi kung'oa hata jani moja la magugu pale, akawa anakuja na wanaume wenye viatu vya kung'aa. Wanatembea katikati ya mahindi, wananyoosha vidole. Hapa mapokezi, hapa vyumba, hapa maegesho. Kulikuwa na mtu anataka kujenga loji. Mokami akapita na jembe lake, akawasalimia, akaendelea kupalilia. Usiku hakupata usingizi.

Kisha wito ukaja. Wazee wa ukoo wanakaa kwa Rubeni. Hoja ni moja. Nyumba ya Werema haina mtoto. Mke yuko Dar anasoma. Ni mke gani huyo? Arudi azae, ama shamba lirudi kwa ukoo.

Najua kuna mwanasheria ananisikiliza, anasema mjane angekwenda mahakamani. Mokami alilifikiria. Alimwambia jirani yake, "Kesi ya shamba inakula miaka. Na miaka itakayoliwa ni ya huyu mtoto." Kwa hiyo hakwenda. Wala hakumwambia Bernadetha chochote.

Lakini habari mbaya haihitaji nauli. Bernadetha, mwaka wa tatu, mitihani inakaribia, aliambiwa na mama yake mzazi. Akapanda basi. Alifika stendi ya Tarime mchana, akatembea hadi Turwa, akamkuta Mokami anapepeta mtama uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Nimekuja kuacha chuo. Nitazaa. Shamba halitapotea."

Mokami akaendelea kupepeta.

"Mama, mimi ndiye niliyetaja bei. Mimi ndiye wa kulipa."

Ungo ukashuka chini. Bernadetha anasema hajawahi kumwona vile, wala kabla wala baada. "Aliniambia, 'Unalipa kwa tumbo lako? Hayo ndiyo wanayofundisha kule? Kama nilitaka wa kunizalia tu, wapo wengi hapa Turwa. Ingia ndani ulale. Kesho utanisindikiza.'" Hakumwambia anakwenda kusema nini.

Kesho yake wakaenda wote wawili. Wazee wamekaa. Simoni naye ameitwa, kwa sababu mke akiachwa ng'ombe hurudi, na ng'ombe wa Simoni walikwisha siku nyingi. Mzee yule alikuwa anatokwa jasho kivulini. Rubeni ana shati jipya. Mwenyekiti wa wazee, Mzee Nyangwine, akauliza swali moja tu. "Mokami, mtoto atakuja lini?"

Mokami akasimama. Bernadetha alidhani atasema mwaka kesho. Kila mtu alidhani hivyo. Hata yeye Bernadetha, anakiri, alikuwa amekwisha kukubali moyoni kwamba hatarudi darasani.

"Wazee wangu," Mokami akasema, "huyu si mke wangu tena. Nimemwacha leo mbele yenu. Asizae kwa ajili ya shamba langu."

Simoni akaruka kama aliyekalia siafu. "Mama, ng'ombe wale..."

"Kaa chini, Simoni. Ng'ombe sidai. Mtu hadai ng'ombe aliowatoa kwa ajili ya mwanawe."

Hapo Rubeni akaliona lango limefunguka. "Basi hakuna mke na hakuna mtoto. Shamba ni la ukoo."

"Mtalichukua," Mokami akamjibu. "Nikishazikwa. Nikiwa bado juu ya ardhi, ni langu." Mzee Nyangwine akawatazama wenzake, wakaitikia, akatamka kwamba shamba ni la Mokami mpaka azikwe. Rubeni aliitikia haraka kwa kichwa. Mokami alikuwa anakohoa, na kila mtu alikuwa anakisikia kikohozi kile.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa aliyefungulia redio sasa hivi. Mama huyu alijua thamani ya shamba lake. Aliisikia ikitajwa mara mbili kwenye chakula. Na bado aliliachia, ili binti wa mwenzake amalize masomo. Mimi nina watoto wanne na sijui kama ningeweza.

Bernadetha alirudi chuoni, akafanya mitihani, akahitimu. Mokami hakuweza kusafiri, kifua kilimzidi. Siku ya mahafali rafiki wa Bernadetha aliinua simu juu ya umati, na huku Turwa mama yule akasikiliza jina likisomwa. Alipiga kigelegele peke yake uani, kikakatishwa na kikohozi. Sasa Bernadetha ni mthamini, anafanya kazi Mwanza. Kila mwisho wa mwezi alikuja. Mokami alikuwa anamwita mwanangu, na yeye alikuwa anamwita mama kama zamani.

Alhamisi ya wiki iliyopita Mokami akafariki.

Jumamosi tukakusanyika. Jeneza likawekwa uani juu ya stuli mbili. Vijana wa Rubeni walikuwa wameanza kuchimba ubavuni mwa nyumba, karibu na uzio. Bernadetha akafika na gari la asubuhi, akalia, akapangusa uso, kisha akasema, "Samahani. Mama aliniagiza azikwe katikati ya shamba."

Majembe yakasimama.

Rubeni akasema, "Katikati? Nani anazika mtu katikati ya kiwanja?"

Watu walianza kunong'ona. Mchungaji akafunga Biblia yake, akaifungua, akaifunga tena. Jua lilikuwa kali. Rubeni akamsogelea Bernadetha mpaka wakawa karibu kugusana. "Wewe ni nani hapa? Ulikuwa mke, ukaachwa. Wala hukuzaliwa katika nyumba hii. Unaagiza kama nani?" Vijana wawili wakaacha shimo, wakasimama nyuma ya Rubeni na majembe yao. Akina mama wa kwaya wakasimama nyuma ya Bernadetha. Nawaambia kweli, niliogopa. Niliwahi kuona misiba ikiisha vibaya kwa maneno machache kuliko hayo.

Aliyejibu ni Mzee Nyangwine, kutoka kwenye kiti chake. "Rubeni, tulisema shamba ni lake mpaka azikwe. Amezikwa?"

Wote tukaligeukia jeneza.

Rubeni aliangalia lile shimo lililoanza kuchimbwa, akaangalia jeneza la mke wa kaka yake, na nadhani aliona jinsi watu walivyokuwa wanamtazama. "Chimbeni anapotaka," akasema. Wakaenda katikati, wakafyeka mahindi, wakachimba. Tulimzika saa kumi.

Ndipo barabarani nikaliona gari jeupe. Lilisimama. Dereva na mwenzake, wenye viatu vya kung'aa, wakateremka, wakatazama msalaba ukisimikwa kati ya mahindi. Hawakuja kutoa pole. Walirudi ndani, wakageuza gari, wakaondoka.

Nilimuuliza Bernadetha. Akaniambia, "Mwezi uliopita mama alinipigia. 'Mwanangu, mnunuzi wa kiwanja anaogopa nini kuliko vyote?' Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja. Kaburi. Likiwa pembeni, watu wanaelewana. Likiwa katikati, anatafuta kwingine. Akaniambia asante. Mimi nilidhani anataka tu kujua nilivyosoma." Hapo alilia, nami nikazima kinasa sauti.

Watu walipotawanyika, Rubeni alibaki pale. Shamba sasa ni la ukoo, kama walivyokubaliana. Akamgeukia Bernadetha, bila kejeli safari hii, mzee aliyechoka. "Wewe ndiye mthamini. Sasa linafaa nini?"

"Mahindi, baba mdogo," Bernadetha akasema. "Na kama watoto wako wana hamu ya kulima au hawana, hilo unalijua wewe."

Wasikilizaji wapendwa, kabla hujalala leo, mtazame mtoto aliye karibu yako, awe wako au wa jirani. Jiulize kama unamhesabu au unamlea. Na ukiwa na ardhi, kaa na watu wako mkubaliane mkiwa hai.

Jana Mzee Rubeni alikuja hapa studio kuleta majina ya wafiwa, ili niyasome kama tunavyofanya siku zote. Akataja ndugu, wajomba, majirani. Nikamuuliza, "Na mtoto wa marehemu?" Aliigeuzageuza kofia yake mezani. Nikangoja. Kisha akasema, "Wewe soma unavyojua," akachukua kofia yake, akatoka.

Basi nasoma ninavyojua. Kwa ukoo wa Werema, poleni. Kwa Mzee Rubeni, pole, mzee wangu. Kwa majirani wa Turwa na kwaya iliyomsindikiza, poleni. Marehemu Mokami ameacha mtoto mmoja, Bernadetha. Pole sana, Bernadetha, kwa kufiwa na mama.