Viti vya Nyuma

Basini viti vilikuwa tele, lakini mzee fundi wa makochi akaenda kukaa ubavuni mwa mama asiyemjua. Mimi, nyuma yao, nikazipata bure habari zote za vani anayotaka kununua: ndefu, dari juu, injini haijawahi kufunguliwa.

Yule mama, dereva wa mizigo, hakuzungusha maneno. "Ng'oa viti vya nyuma, mzee wangu. Makochi utayaweka wapi?"

"Viti havitoki. Makochi nitayafunga juu."

"Na mvua?"

"Turubai lipo."

Makochi ya kitambaa juu ya gari! Nikawahurumia wateja.

"Kwani viti vyote hivyo ni vya nani?"

"Wanangu na wajukuu. Wakija nataka tukae gari moja, tupigiane kelele."

"Mara ya mwisho walikuja lini?"

Fundi akajikuna goti. "Tulipomzika mama yao."

"Walikuja na nini?"

"Kila mmoja na gari lake."

Mama akageukia dirisha. Basi liliposimama, akainuka ashuke. Fundi akabana magoti ampishe, lakini polepole.

"Ngoja kidogo, mama. Sijakwambia milango ya hiyo vani inavyofunguka."