Gasketi Mbili za Lori Namba Saba: Tunamuaga Shangazi wa Karakana

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mkuu wa karakana yetu atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia bohari hii ya dawa kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilitaka kuiacha ili tangazo lipendeze. Yeye akasema miezi hiyo alilala chini ya malori kama miezi mingine yote, na haimtoki bure.

Wafanyakazi wengi hawalijui jina lililo katika faili lake, wala hawana haja nalo. Alipoajiriwa, mtunza stoo wa wakati huo alikuwa mtoto wa kaka yake, naye kwa adabu akamwita Shangazi mbele ya watu. Ilikuwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa mafundi wote walikuwa wakimwita hivyo, na kabla mwezi haujaisha, Meneja, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili, aliteleza kikaoni na kusema, “Shangazi, karibu kiti.” Alikaa. Tangu hapo ukoo umezidi kukua.

Alianza na breki, akakaa nazo miaka sita, kisha akahamia kwenye injini za dizeli na hakutoka tena. Spana zake alizilinda kwa sheria moja: mwenye kuazima aache kiatu kimoja. Hakujali cheo cha mtu. Siku moja mkaguzi kutoka makao makuu aliwakuta mafundi watano wakichechemea uani, akaandika katika ripoti yake kwamba karakana ina tatizo kubwa la ajali kazini. Ilibidi barua mbili ziandikwe kumweleza. Katika miaka yote hiyo Shangazi amepoteza spana moja tu, na kiatu cha aliyeiazima bado kipo kwenye kabati lake.

Neno lake kuu lilikuwa “kwangua”. Kifaa kinapofungwa kwenye injini hukalia gasketi, kile kipande chembamba cha karatasi ngumu kinachozuia mafuta yasivuje. Ukifungua kifaa kilichochakaa, gasketi yake hubaki imeganda kwenye chuma, na ni lazima uikwangue yote kabla ya kuweka mpya. “Umekwangua?” alimwuliza fundi ambaye hata spana hajaishika. Fundi wetu mmoja, siku ya harusi yake, aliulizwa kama yuko tayari, akajibu kwamba ameshakwangua.

Kwa hiyo yaliyotokea miaka kumi na mmoja iliyopita yanastahili kuelezwa, na Shangazi mwenyewe ametaka yaandikwe yote bila kupunguzwa.

Lori namba saba, lililopeleka dawa katika zahanati za milimani, lilianza kuchoka. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini likikabili mlima na mzigo lilikohoa, likaishiwa nguvu, likazima. Shangazi alilipima akasema tatizo ni pampu ndogo, ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuifikisha kwenye injini. Imechakaa, haivuti ya kutosha. Alikuwa sahihi kabisa. Pampu mpya ililetwa, naye akaifunga mwenyewe. Katikati ya kazi aliitwa ofisini mara tatu kutia sahihi fomu moja ya likizo, ile ile, kwa kuwa kila mara tarehe ilikuwa imekosewa. Aliporudi mara ya tatu alikaza bolti, akatoa hewa kwenye mabomba, akawasha. Injini ikanguruma, lori likaondoka.

Wiki haikuisha. Lori likazima tena mlimani, tena vibaya kuliko mwanzo.

Kila mtu akaona jibu ni jepesi. Pampu ni mpya, fundi ni Shangazi, basi mkosaji ni dereva. Dereva mwenyewe alikuwa mzee mpole, mwendo wake wa taratibu hata wenzake wakamwita Konokono. Alishukiwa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Hakuna aliyechukua hata chupa moja ya dizeli hiyo kuipima. Alipewa barua ya kusimamishwa kazi: aripoti kila siku saa mbili asubuhi, akae kwenye benchi la getini, asiguse usukani, mpaka kamati ikutane baada ya wiki tatu kuamua kama afukuzwe. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na akifukuzwa angeondoka mikono mitupu.

Akakaa. Kila asubuhi Shangazi alipita hapo na kumwamkia shikamoo, naye akaitikia, “Marahaba, Shangazi,” salamu ambayo katika ukoo wowote wenye mpangilio haiwezekani. Shangazi amekiri kwamba siku hizo hata yeye alijiuliza kama mzee ameteleza.

Siku mbili kabla ya kamati kukutana, alikuwa akibadilisha pampu kama ile kwenye lori namba tatu. Alipokwangua, gasketi iliyochakaa ilimdondokea kiganjani vipande vipande, vyeusi, vigumu kama maganda. Mkono ukasimama. Akajaribu kukumbuka maganda ya namba saba, na kila alipojaribu, kilichomjia kilikuwa ile fomu ya likizo.

Hakumwambia mtu. Alikwenda nyuma ya ua lilikoegeshwa namba saba, akafungua bolti mbili, akapitisha ukucha. Gasketi zilikuwa mbili: ile mpya, na chini yake ile ya kwanza, nyeusi, laini, imeshikana na chuma hata ukaidhania chuma chenyewe. Unene wake haufiki wa kadi ya kliniki. Lakini pampu hiyo ina mkono mfupi unaosukumwa na shafti ya injini; unene huo wa ziada ukiirudisha pampu nyuma kidogo tu, mkono hausukumwi ipasavyo, na dizeli inakuja nusu nusu. Kwenye tambarare inatosha. Mlimani injini inalala njaa.

Uani hapakuwa na mtu. Angeweza kukwangua, kufunga tena na kunyamaza, na lori lingepona. Lakini lori kupona baada ya dereva kuondolewa kungekuwa ushahidi mwingine wa kummaliza mzee. Na wiki hiyo hiyo, jina la Shangazi lilikuwa mezani kwa cheo cha Fundi Mkuu.

Siku ya kamati aliingia bila kuitwa, ovaroli na grisi yake, akaziweka gasketi mbili juu ya mafaili.

“Hizi nimezitoa namba saba,” alisema. “Nilizifunga mimi. Dizeli ya mzee haina kosa. Mrudishieni usukani wake leo, siyo kesho.”

Meneja alimwuliza kama anaelewa anachokisema.

“Naelewa sana. Ningekuwa sielewi ningekaa kimya.”

Mzee Konokono akaitwa kutoka getini. “Wiki tatu, Shangazi!” alisema. “Hata benchi limeshanizoea.”

“Liage basi. Gari linakusubiri.”

Shangazi alikwangua mabaki mbele ya macho ya mzee, akafunga gasketi moja mpya, na alasiri hiyo wakapanda mlima pamoja na mzigo kamili. Inasemekana Konokono aliupanda kwa kasi ambayo hakuirudia tena mpaka alipostaafu salama, na stahili zake zote, miaka miwili baadaye.

Cheo hakikutoka. Shangazi alipewa barua ya onyo, akaisoma, akaitia sahihi, akarudi chini ya lori. Cheo kilimfikia miaka minne baadaye. Siku aliyokipata, agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba dereva asituhumiwe kwa ubovu wowote kabla fundi hajafungua upya kazi yake mwenyewe na kuikagua. Agizo hilo sasa ni kanuni ya bohari nzima. Madereva sita wamekwisha kuokolewa nalo. Mafundi kumi na tisa wamefundwa naye, na wanne kati yao wanaongoza karakana zao. Inasemekana huko nako wafanyakazi wanachechemea.

Limebaki jambo moja. Barua ya kumsimamisha Mzee Konokono iliandikwa na ofisi ya utawala, kwa lugha safi na bila ushahidi. Aliyeiandika ndiye anayeandika wasifu huu. Shangazi alilisema kosa lake ndani ya siku mbili. Mwandishi amechukua miaka kumi na mmoja. Mzee amekubali kuja kwenye hafla. Atakaa safu ya mbele, na kabla ya hotuba yoyote kusomwa, ataombwa radhi hadharani.

Shangazi, asante kwa malori, na zaidi kwa watu waliokuwa ndani yake. Nenda nyumbani ukapumzike. Uwe na afya njema, asubuhi zisizo na haraka na magoti yasiyokudai chochote.