Niliizuia Picha ya Mama Isikauke

Ndugu zangu, mmenitaka nianze kwa jina la Mola, nami nimeanza nalo. Sasa nitawaambia jambo litakalowachekesha, kisha litawanyamazisha. Mimi niliwahi kuamini, kwa moyo mmoja, kwamba rangi ya mafuta haikaushwi na upepo. Hukauka kwa kumnywa yule aliyechorwa.

Naam. Nilielezwa hivyo na mchoraji mwenzangu pale ufuoni Diani, tulikokuwa tukiwauzia wageni picha. Jina lake nalihifadhi. Yu hai, na kila mwaka anazidi kunenepa. Aliniambia picha ya mtu inapokauka, mwenyewe naye hukauka, polepole, hata picha ikishakuwa ngumu kabisa yeye yuko kaburini. Nikamtaka ushahidi. Akasema, "Ndovu walikuwa wengi huku zamani. Wako wapi sasa? Tumewachora mno." Nikaona hoja hiyo haina jibu. Na msinidhanie mjinga. Nimesoma ngumbaru pale Ukunda, masomo ya jioni ya watu wazima, nikatoka wa kwanza darasa zima. Tulikuwa wanne, na wawili hawakuja siku ya mtihani.

Chekeni, chekeni sasa hivi.

Mama yangu alikuwa mshonaji makuti. Nusu ya mapaa ya hoteli za Diani yametoka mikononi mwake, na nusu ya pili aliikosoa. Siku moja nilimwambia nimechoka kuchora ndovu na machweo, nataka kumchora yeye, picha kubwa, kazi ya kweli. Sikutarajia akubali, maana hakuwa mtu wa kukaa. Akasema, "Haya, nichore. Lakini na makuti yangu mkononi. Sitakaa bure kama bibi harusi."

Ni lazima niwaeleze picha ya namna hiyo hutengenezwaje, ama sivyo hamtalielewa kosa langu. Unawamba kitambaa kizito kwenye fremu ya mbao, mpaka ukikigonga kilie kama ngoma. Unakipaka rangi nyeupe mara mbili tatu ili kisifyonze mafuta. Halafu unashika mkaa. Watu hudhani mchoraji anaanza na macho. Mchoraji anaanza na mifupa: fuvu, mabega, namna mtu anavyouegemeza uzito wake. Kisha unaweka rangi ya kwanza, ya udongo, uliyoizimua kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi kama chai ya mgonjwa. Juu yake unaweka iliyo nzito kidogo, na juu ya hiyo nzito zaidi. Chini nyembamba, juu nono, ukigeuza itapasuka. Na baina ya tabaka na tabaka unangoja. Siku kadhaa, wiki kadhaa. Hakuna kitu chenye subira duniani kama rangi ya mafuta.

Mama alikuwa mweusi wa kung'aa. Siku ya kwanza nikachukua rangi nyeusi, nikapaka. Uso ukatoka kama sufuria. Nikaikwangua, nikaketi, nikafanya kazi niliyostahili kuifanya mwanzo, kumtazama. Unafumba macho nusu ili uone mwanga na kivuli tu. Ndipo nikaona chini ya kidevu kuna kijani, kwenye paji kuna buluu ya dirishani, na masikioni mna wekundu kama wa kaa la moto. Nikamwambia, "Mama, wewe una rangi saba."

"Na nguvu sina hata moja," akajibu. "Nisogezee mto huo mgongoni, kisha uendelee na saba zako."

Tulicheka. Ndugu zangu, nawaambia, hizo ndizo asubuhi nilizokuwa karibu naye kuliko nilivyopata kuwa tangu niache ziwa.

Basi kukawa na jambo. Kila nilipokaa kufanya tabaka jipya, nilikuta shavu nililolichora wiki iliyopita ni kubwa kuliko shavu la mwenyewe. Mara ya kwanza nikajilaumu, nikakwangua nikapunguza. Wiki iliyofuata, tena kubwa. Mara ya tatu nikaweka kisu chini. Mkono wangu haukuwa umekosea. Mama ndiye aliyekuwa akipungua. Nilipogusa rangi kwa kidole, ilikuwa imekauka.

Mtu mwenye akili angesema, mama, twende hospitali. Mama mwenyewe alikuwa akienda hospitali ya Msambweni na mama mdogo mara kwa mara, na nilipouliza aliniambia ni presha tu. Nami nikatosheka, kwa kuwa tayari nilishaujua ugonjwa na dawa yake.

Wachoraji wote wanajua kwamba mafuta ya karafuu huchelewesha rangi kukauka. Unatia tone moja, mawili, basi. Mimi nilinunua chupa za kutosha kuendesha meli, na kila asubuhi baada ya swala niliipaka picha nzima, kutoka mtandio hadi vidole vya mguu. Nyumba ikanukia kama jiko la harusi. Mama akaniuliza kutoka kitandani, "Mwanangu, wanichora ama wanipika?"

"Naikinga na vumbi," nikamjibu.

Uongo mmoja huo. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Niliacha kumtazama. Niliona kwamba macho yangu ndiyo yanayombeba na kumpeleka kule kitambaani, basi heri niyafumbe. Nikawa mchana kutwa chumba cha pili na picha, nikiipangusa, nikiilainisha. Alikuwa akiniita, "Njoo basi, leo najisikia vizuri, njoo unichore." Nami nikijibu kupitia ukutani, "Leo mwanga mbaya, mama." Mwanga ulikuwa mzuri hata ungeweza kuhesabu miguu ya sisimizi.

Aliniita hivyo siku nyingi. Kisha akaacha kuniita.

Picha yenyewe haikustahimili. Shavu la kushoto liliteremka, mdomo ukalifuata. Vidole vile vyenye makovu ya makuti, nilivyovitaabikia mwezi mzima, vikawa tope. Mama alifariki Alhamisi, adhuhuri, na mama mdogo ndiye aliyemshika mkono. Mimi nilikuwa chumba cha pili na chupa ya karafuu.

Mtanicheka tena: picha si ilikuwa mbichi? Kwa hesabu yangu mwenyewe angepona. Lakini mtu anayetaka kujihukumu hakosi hoja. Nikasema matabaka ya chini yalishakauka, nilichelewa, nimemuua mama yangu kwa brashi.

Miaka mitatu sikuchora uso wa kiumbe. Niliandika vibao vya maduka. Kinyozi mmoja akanipa kazi ya kuchora mitindo ya nywele ukutani kwake, nikamchorea vichwa kumi na viwili, vyote vimegeuka nyuma. Akaniuliza, "Fundi, wateja wangu wamenuna?" Nikapokea ujira wangu, nikaondoka. Nilikuwa natembea nikiangalia miguu ya watu. Nawajua wengi wenu hapa kwa viatu.

Mke wangu alivumilia. Hatimaye akaniambia, kwa upole kabisa, "Baba Zuhura, tangu msiba hujanitazama usoni. Kama nimekukosea, sema." Nilitaka kumwambia kwamba namwogopea, kwamba nikimtazama sana atapungua. Nikatazama mlango. Akakunja nguo zake akaenda kwao Bodo na mtoto, na sikumfuata. Niliona amesalimika.

Hapo ndipo jirani aliponileta kwenu, wafiwa wenzangu, katika darasa hili la chekechea tunamokutania, nikakalia kiti hiki kinachofaa kuku. Majuma manane sikusema neno, nanyi hamkunilazimisha. Kisha bibi anayetuongoza akaomba kila mmoja alete kitu cha marehemu wake. Wengine mlileta kanzu, kikombe, redio. Mimi nilileta kile kitambaa kimefungwa shuka. Nilipokifungua, harufu ya karafuu ikajaa chumba, na uso wa mama hakuna, umekuwa tope lililoganda. Nikawasimulia yote. Hakuna aliyecheka. Yule baba anayekaa pale karibu na ubao akaniuliza tu, "Nani alimuuguza?"

"Mama mdogo."

"Umemwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Miaka mitatu, ndugu zangu, na nyumba yake haizidi mwendo wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nilimkwepa hata kwenye Idi, kwa sababu ana uso wa dada yake.

Nitatoa shukrani zangu sasa hivi, maana nikishasema la mwisho sitaweza kusema jingine. Namshukuru jirani aliyenivuta kwa mkono. Namshukuru bibi, na yule baba wa karibu na ubao kwa maswali yake mawili mafupi. Namshukuru mke wangu, aliyerudi mwezi uliopita, na ambaye sasa hukaa dirishani kila Jumapili nikimchora. Nimefika kwenye paji la uso. Analalamika kwamba namtazama mno. Na kama kuna funzo, ni dogo: usijitungie kifo cha mtu wako. Kamwulize aliyekuwepo.

Basi nilikwenda, nikamkuta mama mdogo barazani akichambua mchicha. Nikamwamkia, shikamoo, nikaketi chini, nikamwambia kwamba nilimuua dada yake, na namna nilivyomuua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikusimama.

"Babangu," akasema, "mamako alikuwa na uvimbe tumboni. Aliambiwa tangu mfungo wa Ramadhani, nawe ulikuja na kitambaa chako baada ya Idi ya kuchinja. Alinikataza nisikwambie, alisema ungeacha kazi. Wewe hukufanya kitu. Hata kule kukubali kuchorwa, alikubali kwa kuwa kukaa ndiko pekee kusikomuumiza."