Fungu la Pulo

Benchi lililoegemea duka langu, kando ya barabara ya Carigara, alilitengeneza mume wangu kwa mbao za mnazi. Kila alasiri hukaliwa na wanaume wanne. Wa kwanza ni Redio, fundi baiskeli, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Wa pili ni Daktari. Hajasomea udaktari popote, ila binti yake ni muuguzi huko Kuwait, na yeye anaamini elimu ya mtoto hurudi nyuma ikamwingia mzazi. Wa tatu ni Askofu, anayepiga kengele ya kanisa na kumimina tembo, kazi zote mbili kwa mkono uleule. Wa nne ni Pulo, mume wangu, aliyekuwa mgema mpaka mnazi ulipomtupa chini. Mifupa ya mgongo iliunga, mishipa ilikataa. Anameza vidonge asubuhi na jioni ili aweze kukaa na kulala, na daktari wa kweli alimwonya kwamba vidonge hivyo na pombe havikai nyumba moja. Alijaribu mara moja, kwenye ubatizo, bilauri chache za heshima. Nilimkuta kalala anapumua kama mtu anayesahau kupumua. Tangu tulipotoka hospitali hajagusa. Lakini kutogusa si kutotaka, na benchi zima linajua hamu humshika wakati gani: pale Onyot, aliyeachiwa minazi yake, anaposhuka na tembo la jioni.

Ilikuwa mkesha wa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa wetu. Nilikuwa nimeshawamiminia kahawa, na tembo lilikuwa bado juu minazini.

— Leo vipi, Mano Pulo? Redio akauliza. Kwetu Mano ni kaka mkubwa, na Mana ni dada mkubwa.

— Unauliza mgongo au hamu?

— Chochote.

— Mgongo unanong'ona. Hamu inapiga kelele.

— Nayo inataka nini?

— Inataka nini, Redio? Inataka maji ya nazi?

Askofu akacheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Redio hakuona aibu; hajawahi.

— Mimi nimefikiria sana suala lako, akasema. Usiku sikulala.

— Hukulala kwa sababu ya kunguni, nikamwambia kutoka dirishani. Mkeo kaniambia.

— Mana Luming, ngoja basi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Unaona? Wahenga wenyewe walitia maji. Tulitie maji la kwake. Maji mengi, tembo kidogo. Vidonge vitadhani anakunywa maji.

— Wahenga walikuwa wanamsema mgema mwizi, Pulo akasema. Na mimi ndiye mgema.

— Basi wewe unaujua uchungu wake.

Daktari akakohoa. Akitaka kutoa ushauri hukohoa kwanza, kama anajipima mwenyewe.

— Tatizo lenu hamjui sayansi, akaanza. Kidonge na tembo ni kama wake wawili. Wakikutana mlangoni, ugomvi. Lakini huyu akija asubuhi na yule akija jioni, kila mmoja atajiona yuko peke yake.

— Kidonge cha jioni kipo pia, nikasema.

— Kisogezwe.

— Kisogezwe wapi?

— Kesho asubuhi.

— Halafu usiku mgongo utalala na nani?

Daktari akakohoa tena.

— Binti yako anasemaje? Pulo akamwuliza. Juzi si ulimpigia simu ya picha?

— Nilimpigia.

— Akasema?

— Mtandao ulikuwa mbaya.

— Ulikuwa mzuri, Redio akasema. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako. Alisema, "Baba, hata tone." Alisema mara mbili. Mara ya pili alikuita jina lako kamili.

— Nasema mtandao ulikuwa mbaya, Daktari akasisitiza, na picha ilikuwa inakatika.

Niwaambie kwa nini Daktari alilijali sana jambo hili. Kwetu bilauri ni moja. Mmiminaji anajaza, unakunywa, unairudisha, anamjazia wa pili. Mtu harukwi. Anayerukwa ni marehemu tu, na hata yeye humwagiwa kidogo chini. Kwa hiyo fungu la Pulo liliendelea kumiminwa kila mzunguko. Linawekwa mbele yake, analitazama, halafu Daktari analinywa kwa niaba yake. Bilauri ikiacha kuwekwa pale, Daktari anapoteza fungu la pili. Siku nyingi Daktari alirudi nyumbani kashikiliwa na ukuta.

— Mimi natoa msaada, alikuwa akinijibu nikimsema. Mtu na jirani yake, Mana.

Sasa Askofu akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

— Nyie mnahangaika na tumbo, akasema. Tatizo haliko tumboni. Tatizo liko kwenye minazi.

— Minazi imefanya nini?

— Imemzoea. Huyu alipanda minazi ileile tangu hana ndevu. Kila mmoja unaujua unyayo wake. Ghafla hapandi tena, anapanda Onyot, na Onyot ana miguu kama jiwe la kunolea. Mti unauliza, yule wetu yuko wapi? Saa ya kugema ikifika, unamwita. Hiyo ndiyo hamu. Siyo yeye anayetaka tembo. Tembo linamtaka yeye.

Pulo mwenyewe alikuwa anasikiliza. Alipokuwa akipanda hakuwahi kuanza bila kuomba ruhusa kwa wenyeji wa mti wasioonekana. Siku aliyoanguka alikuwa na haraka, na hilo hulitaja zaidi kuliko kamba iliyokatika.

— Sasa nifanye nini? akauliza.

— Ukaiage minazi. Unakwenda kwenye shina, unaongea kwa adabu, unamwaga tembo kidogo chini.

— Hilo naweza.

— Ila mwenye kumwaga lazima aonje kwanza. Huwezi kumpa mwenyeji kitu ambacho wewe mwenyewe umekiogopa. Ni matusi.

— Aha, nikasema. Nilikuwa nasubiri bilauri itokee upande gani.

— Mana, ni onjo tu.

— Maji yenu yana tembo, sayansi yenu ina tembo, na sasa miti nayo inataka anywe. Kuna dawa yoyote kati ya zenu ambayo haiishii mdomoni?

— Ipo, Redio akasema haraka. Apakwe mgongoni.

— Apakwe nini?

— Tembo. Dawa ya moto ni moto. Maumivu yako mgongoni, tembo liende mgongoni. Linapita kwenye ngozi, mgongo unalewa, kichwa hakina habari. Unakuwa na mgongo mlevi na mtu mzima mwenye akili zake.

Hapo hata mimi nilicheka, na mimi sicheki ovyo nikiwa kazini. Pulo alicheka pia, kisha akashika kiuno, maana kicheko humpita palepale panapouma.

— Nyie, akasema alipotulia, mngejua inavyokuja. Haiji kooni. Inaanzia mikononi. Mikono inatafuta kisu, haioni kisu, inatafuta bilauri. Nanywa kahawa, mdomo unaniuliza, huu ni utani?

— Halafu? Askofu akauliza.

— Halafu inapanda. Ikipanda nasema leo nitakunywa, liwalo na liwe, angalau nilale. Halafu nasubiri kidogo. Halafu inashuka.

— Inashuka yenyewe?

— Kama hamjaniwekea bilauri mbele, inashuka yenyewe.

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hakuna aliyeshika neno hilo, kwa sababu Onyot alikuwa ameshatokea kwenye kona, galoni begani na chupa kubwa ya kioo kwapani.

Ile galoni ilikuwa tembo la siku hiyo, jekundu kwa gome la mkoko, povu bado linapanda. Chupa ilikuwa kitu kingine. Onyot aliiweka juu ya benchi kwa mikono miwili.

— Mano Pulo, akasema, hili nimeliweka tangu mvua za mwanzo. Kesho nataka niliweke kwenye meza ya sikukuu. Wazee wote watakuja. Mimi ulimi sina, wewe unajua. Niambie tu kama limefika.

— Nuse, nikasema.

— Kwa pua halijulikani, Mana. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

Ni kweli, alimfundisha. Mtaa huu hakuna sikukuu iliyowahi kunywa tembo la zamani ambalo Pulo hakuliweka ulimini kwanza. Nilimwona akiitazama ile chupa. Saa ya kidonge chake ilikuwa karibu, na mgongo wake huwa mbaya zaidi saa hiyo. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na vidole vilikuwa vinatembea.

— Ulimi si tumbo, Daktari akasema polepole. Aonje, ateme.

— Na ikimshinda kutema? nikauliza.

— Mimi nipo. Nitasaidia.

Askofu alikuwa ameshatoa bilauri mfukoni, anaifuta kwa shati. Aliifungua chupa, akamimina kidogo, na harufu ikatoka mpaka kwangu dirishani. Akaiweka mbele ya Pulo, mahali pake pa siku zote.

Ndipo alipofika Delfina, mkwe mpya wa Daktari, aliyeolewa kutoka kisiwa cha Mindoro. Alikuja kununua siki. Akawaamkia wazee kwa heshima, akauinua mkono wa Daktari na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama desturi ya kuamkia wazee, kisha akasimama akisubiri nimjazie chupa yake. Aliitazama bilauri, akamtazama Pulo, ambaye habari zake anazijua, kama mtaa mzima.

— Baba, akamwuliza Daktari, samahani. Hapa kwenu mtu asiyekunywa, tembo likifika, anakaa wapi?

Hakuwa anamsuta mtu. Alikuwa mgeni, na mgeni huuliza mahali pa kukaa.

— Anakaa... Daktari akaanza. Akakohoa.

— Kuna pale kwa kina... Redio akasema, akanyoosha kidole upande wa kanisa, akakumbuka kwamba pale nako jioni ni tembo. Kidole kikahamia upande wa kituo cha pikipiki. Kule nako ni tembo. Kikarudi mfukoni.

— Nyumbani, Askofu akajaribu.

— Peke yake? Delfina akauliza.

Niliijaza siki mpaka ikamwagika, nikaifuta. Delfina alitazama mmoja baada ya mwingine, akaona ameuliza jambo kubwa bila kukusudia, akachukua chupa yake na kuaga.

Pulo akaishika bilauri. Nilitaka kusema kitu, nikaufunga mdomo. Miaka yote hii nimejifunza kwamba neno langu likija saa hiyo, linamsukuma kulekule. Akaisogeza mpaka kwa Askofu.

— Niruke, akasema.

— Siwezi kukuruka, ndugu yangu. Hujafa.

— Najua sijafa. Ndiyo maana nakuomba.

Mwishowe Askofu akampa Onyot bilauri, aonje tembo lake mwenyewe. Onyot alikunja uso, akafikiri.

— Bado chachu, akasema. Nadhani.

— "Nadhani" ndiyo mwanzo, Pulo akamwambia. Kesho wazee wakikunja uso kama wewe, utajua. Chukua vitu vyako, nenda navyo ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha baiskeli.

— Kibanda changu kinavuja, Redio akasema.

— Mvua haijanyesha.

Onyot akabeba galoni. Redio akainuka naye, kwa sababu kibanda ni chake na lazima mtu akilinde. Askofu akainuka, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kumimina. Walivuka barabara bila kutazama nyuma, wakaanza kucheka kabla hawajakaa.

Daktari hakuinuka. Labda aliogopa mkwewe atamwona, sijui, sikumwuliza. Alinyoosha kikombe dirishani. Birika lilikuwa tupu, nikamwambia kahawa imekwisha, asubiri maji yachemke. Wakakaa wawili kwenye benchi refu, wakitazama ng'ambo, bilauri ikizunguka kule bila wao.

Baada ya kitambo nilimsikia Daktari, kwa sauti ambayo hakutaka ivuke barabara:

— Pulo.

— Naam.

— Mikono yangu.

— Naiona.

— Umesema hamu hushuka?

— Hushuka.

— Yangu bado inapanda.

Pulo akanigeukia, akaomba viazi vitamu vilivyobaki mchana. Nilivitoa na chumvi kwenye karatasi. Alimpa Daktari kipande kikubwa, yeye akachukua kidogo.

— Kula kwanza, akamwambia. Na usitazame kule.