Mwalimu Verediana Nyoni na Lebo Ishirini na Nne

Mwalimu Verediana Nyoni amefanya kazi katika chuo hiki cha kilimo miaka thelathini na moja. Aliingia Julai 1994. Anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025.

Kamati ya kumuaga ilitaka mwalimu mwenzake aandike hotuba hii. Mwalimu Verediana mwenyewe akasema aandike Isidori wa shambani. Basi naandika. Mimi ni kibarua, shule niliishia darasa la nne. Sitazunguka.

Kwenye karatasi hii mliyopewa kuna orodha ya mafanikio ya walimu wetu mwaka huu. Mwalimu Erasmus amerudi na udaktari. Mwalimu Tumpe ameandika habari za udongo wetu, zimechapishwa nje. Tunawapongeza. Jina la Mwalimu Verediana halipo. Kamati haikusahau. Walimwandika, akawaambia wafute. Nitaeleza kwa nini.

Alifundisha mazao. Wanafunzi walimwogopa shambani kuliko darasani. Waliokuja na viatu vyeupe aliwapeleka kwanza kwenye tope. Mwaka mmoja kijana alichoma hindi moja la majaribio akala. Mwalimu hakumfukuza. Alimpa gunzi, akamwambia ahesabu mashimo yote ya punje na kuandika hesabu kwenye daftari. Kijana alikaa juani mpaka akamaliza. Leo ni bwana shamba Namtumbo, na bado anaisimulia mwenyewe.

Kazi yake kubwa ilikuwa mbegu. Aliitafuta miaka mingi, mahindi ya kuvumilia jua la Januari la huku kwetu. Ili mbegu ikubaliwe, wakaguzi wanataka mavuno ya misimu mitatu. Inapandwa pamoja na mbegu nyingine tano, mojawapo ile ya dukani ambayo lazima izidiwe, kila moja mara nne. Ploti ishirini na nne. Kila ploti ina lebo yake, na inapimwa peke yake. Msimu wa 2022 ulikwenda vizuri. Wa 2023 pia. Ulibaki wa 2024.

Juni mwaka huo mke wangu Adela alifariki. Tulimzika Jumamosi, kwao Namtumbo. Mwalimu alikuja. Alipanda nyuma ya lori na wenzangu, akakaa na wanawake chini mpaka tukamaliza. Jumatatu yake mimi ndiye nilitakiwa kuanza kuvuna majaribio, naye akiwa pembeni na daftari.

Lori lilijaa. Vibarua wengine walibaki, Suzana na Salum wakiwemo. Iliwauma kutokuja. Kwetu mtu akifiwa, kazi yake ya shamba wenzake wanaimaliza. Basi Jumamosi hiyohiyo, wakati tunazika, waliingia kwenye ile ploti yangu ya kwanza ya kuvuna. Wakaendelea ya pili. Mpaka saa saba walikuwa wamevuna zote ishirini na nne.

Walivuna kama nyumbani. Mahindi yote chungu moja. Halafu wakachambua. Makubwa ya mbegu wakayafunga mawilimawili kwa maganda yake. Ya kula upande huu. Ya kuku upande ule. Kazi safi kabisa. Hata lebo hawakuzitupa. Walizikusanya, wakazifunga na kamba.

Jumatatu asubuhi Suzana alimkabidhi Mwalimu lile furushi la lebo kwa mikono miwili. Akamwambia, "Shikamoo Mama. Kazi ya Isidori tumeimaliza. Na mbegu tumekuchagulia kabisa."

Mwalimu aliitikia marahaba. Alisema asante. Halafu akaenda kukaa kwenye ukingo wa mfereji, akiwa na furushi mapajani. Suzana alinieleza kwamba hapo ndipo walipojua kuna kitu kimeharibika, ila hawakujua nini.

Nilirudi Jumanne. Jumatano mchana niliitwa ofisini. Wakaguzi walikuwa wanafika kesho yake. Barua ya kunisimamisha kazi ilikuwa mezani, imechapwa tayari, maana ploti zilikuwa chini yangu. Sikubisha. Nilikuwa na wiki moja tangu nifiwe, hata kusimama kulinichosha.

Mkuu wa idara, Mwalimu Ramson, si mtu mbaya. Aliona mama wa watu amebakiza mwaka mmoja. Alisema mvua ya mwaka huu ililingana na ya mwaka jana, kwa hiyo wachukue uzito wa mwaka jana, wapunguze hapa, waongeze pale, wajaze daftari. Nani atajua? Mahindi yameshavunwa, wakaguzi watakuta magunia tu. Alisema anamwonea huruma. Nadhani alisema kweli.

Mwalimu alikuwa anaangalia dirishani. Mimi nilitamani akubali. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo ukweli. Angekubali, barua yangu ingechanwa, na yeye angepata mbegu yake.

Hakujibu siku hiyo. Aliondoka na daftari. Nililala sijui kama nina kazi.

Alhamisi wakaguzi walifika, watatu. Tulisimama kwenye kibanda cha mizani, vibarua nyuma, walimu mbele. Mkubwa wao akaomba daftari la msimu. Mwalimu Ramson alimtazama Mwalimu Verediana. Mwalimu akalifungua, kurasa tupu, akampa.

Akasema, "Mavuno ya msimu huu sina. Watu wangu walivuna kama tunavyovuna majumbani. Miaka thelathini nimewafundisha wanafunzi kwa nini tunaweka lebo. Hawa wanaoshika jembe sikuwaambia hata siku moja. Kosa ni langu. Andikeni hivyo."

Mkaguzi alimwuliza kama anajua maana yake. Alisema anajua. Msimu umefutwa. Wakaandika, akatia saini.

Ile barua sikupewa tena.

Jumatatu iliyofuata alituita vibarua wote darasani, mbele, kwenye viti vya wanafunzi. Salum alitania kwamba sasa atadai sare. Mwalimu akatufundisha lebo ni nini. Akatufundisha mizani na daftari. Suzana aliuliza, kama mbegu nzuri inaonekana kwa macho, kupima kwa nini? Mwalimu akasema macho yanapenda hindi kubwa, lakini mizani haipendi mtu. Suzana alilia siku hiyo. Alikuwa ameelewa alichofanya.

Desemba tukapanda upya. Ulikuwa msimu wake wa mwisho, hakuna mwingine. Januari mvua ilikatika siku kumi na tisa. Majani yakajikunja. Mto uko karibu, ndoo zipo, na hakuturuhusu kumwagilia hata ploti moja. Februari wakaja viwavi. Tulitia dawa zote ishirini na nne sawasawa, saa ileile. Mbuzi wa watu wa Mjimwema tuliwafukuza kwa zamu. Mwalimu alikonda. Mimi pia.

Tarehe 10 mwezi huu tulivuna. Ploti moja, gunia moja, lebo ndani na lebo nje. Suzana alisoma lebo, mimi nikapandisha kwenye mizani, Salum akasoma kilo, Mwalimu akaandika. Mbegu yake ilikuwa mara nne. Mara ya kwanza iliizidi ya dukani. Ya pili ikaizidi. Ya tatu ikashindwa, kwa kilo mbili. Niliona kalamu imesimama. Ya nne ikaizidi.

Wakaguzi wamechukua daftari. Majibu ni Agosti. Kamati ikasema iandikwe tu, mbegu imeshinda mara tatu kati ya nne. Akasema haijakubaliwa, futeni. Ndiyo maana jina halipo.

Mwalimu, vibarua wa shamba wanakushukuru. Umetufundisha kazi tuliyokuwa tukiifanya miaka yote bila kuijua. Mimi nakushukuru kwa Namtumbo, na kwa Alhamisi ile. Pumzika vizuri huko Majengo, upate afya, na wajukuu wakuchoshe.

Barua ya wakaguzi itafika hapa chuoni. Nimeshamwambia karani asiitume kwa mtu. Nitaileta mimi kwa baiskeli, haijafunguliwa. Ikiwa wamekubali, tutachinja jogoo. Ikiwa wamekataa, nyuma ya nyumba yako pana nafasi ya ploti ishirini na nne. Nitakuja na jembe.

Isidori Mbawala
Kibarua, shamba la majaribio